Mashine ya Gemu Imeingia Nyumbani: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kiachwe Dukani?

Siku hizi si jambo geni kukuta mashine ya michezo ya video sebuleni mwa familia zetu. Pengine mjomba aliyeko ughaibuni ameituma kwa watoto, au wazazi wamejibana miezi kadhaa wakamnunulia kijana zawadi ya Kipaimara. Mashine ikishafika, kazi haijaisha. Muuzaji bado ana rafu nzima ya vikorombwezo: pedi ya pili, hedifoni zenye taa, kiti cha pekee, miwani ya kukinga macho, taa za kupamba runinga, hata kofia ya kufunika uso mzima. Kila kimoja kina bei yake, na vyote vikijumlishwa vinaweza kuizidi bei ya mashine yenyewe.

Ukurasa huu ni wa afya. Kwa hiyo hatutauliza kipi kinapendeza, bali kipi kinamlinda mtoto, kipi kinaweza kumdhuru, na kipi ni hasara ya mfukoni tu. Mfano wetu mkubwa utakuwa PlayStation 5, iliyoanza kuuzwa Novemba 2020, kwa kuwa jina la PlayStation watoto wetu wanalijua tangu kwenye vibanda vya gemu vya mitaani. Ndani ya boksi lake mna mashine, pedi moja, kebo ya kuichajia, kebo ya HDMI ya kuunganisha na runinga, na kebo ya umeme. Hivyo vinatosha kabisa kuanza kucheza. Mzazi asiharakishwe na muuzaji.

UMEME KWANZA

Kitu cha kwanza ambacho tungependa familia inunue hakina uhusiano wowote na mchezo. Ni kifaa cha kulinda umeme, kile ambacho wengi wanakifahamu madukani kwa jina la TV Guard au Fridge Guard. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kifaa hicho husubiri kidogo hadi utulie kabla ya kuupitisha. Runinga nayo itafaidika.

Mashine zilizotoka Marekani zina tatizo jingine. Ndani yake PlayStation 5 inaweza kutumia umeme wetu wa volti 230 bila shida, lakini plagi yake ina miguu miwili bapa, wakati soketi zetu zina matundu matatu. Wengi wetu tunajua kinachofanyika: kijiti au kalamu inachokonolewa kwenye tundu la juu ili matundu mengine yafunguke, kisha plagi inalazimishwa. Mtoto akiona baba anafanya hivyo, siku moja naye atafanya, pengine kwa msumari. Dawa yake ni rahisi. Kebo ya PlayStation 5 ni ile yenye kichwa cha umbo la namba nane, kama za redio nyingi, na yenye plagi yetu ya miguu mitatu hupatikana kwa fundi kwa fedha kidogo.

Tena, mashine hii hula takriban wati 200 mchezo mkubwa unapoendelea. Yaani saa tano za mchezo humaliza uniti moja ya LUKU, runinga bado haijahesabiwa. Nguvu hiyo yote hugeuka joto, nalo lazima litoke. Akina mama wanaopenda kufunika kila chombo cha sebuleni kwa kitambaa cha kufuma watusamehe: hiki kisifunikwe, wala kisifungiwe kabatini.

MASIKIO HAYANA AKIBA

Sasa tuje kwenye hedifoni, kikorombwezo ambacho vijana hukililia kuliko vyote. Hapa tunaomba mzazi asome polepole.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe hai ndogo mno zenye vinyweleo, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Sauti kubwa ya muda mrefu huziua. Ngozi ikikatwa huota nyingine na mfupa ukivunjika huunga, lakini chembe hizo za mwanadamu zikifa haziotи tena. Mtoto hasikii maumivu yoyote wakati zinapokufa. Anachoweza kusikia ni mlio masikioni baada ya kuvua hedifoni, nao huondoka baada ya muda, kwa hiyo halalamiki. Miaka inapita, kisha mwalimu anasema kijana hasikilizi darasani.

Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu yamepanga kiasi cha sauti kinachoweza kusikilizwa kwa usalama. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Kila sauti inapopanda desibeli tatu, muda hukatwa nusu. Tufanye hesabu ya mtoto: desibeli 78, saa 20, desibeli 81, saa 10, desibeli 84, saa 5 tu kwa wiki nzima. Mwezi Machi 2025 mashirika hayo yalitoa pia kanuni mahususi za usikilizaji salama katika michezo ya video, kwani wachezaji wengi hukaa muda mrefu katikati ya milio ya risasi na milipuko.

Hesabu hiyo inatusaidia dukani. Zipo hedifoni za watoto zilizoandikwa kwamba hazizidi desibeli 85. Ni afadhali kuliko zisizo na kikomo, lakini maandishi hayo si ruhusa ya kuzivaa kutwa. Kwa mtoto, sauti hiyo haimalizi hata saa tano kwa wiki. Pia si kila boksi lenye maandishi hayo husema kweli. Kipimo cha nyumbani ni hiki: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto aliyevaa hedifoni. Kama unausikia mchezo wake, au kama inakubidi kupaza sauti ndipo akusikie, sauti imezidi.

Na je, ni lazima kununua? Kwa maoni yetu, la. Spika za runinga zinatosha, na zina faida ambayo hedifoni haina: mzazi aliyeko jikoni anasikia yanayosemwa kwenye mchezo. Anayesema anahitaji hedifoni ili azungumze na wenzake ajue kwamba pedi ya PlayStation 5 ina maikrofoni ndani yake, na kitufe cha kuizima. Wazazi wengi hawalijui hilo. Mtoto anaweza kuwa anazungumza na mtu mzima wa nchi nyingine huku nyumba nzima ikidhani anazungumza na runinga.

TAA ZA RANGI NA BETRI YA SAA

Kuna kikorombwezo kimoja cha bei ndogo sana kinachotutia hofu kuliko vya bei kubwa. Ni zile taa za utepe zinazobandikwa nyuma ya runinga ili ukuta ung'ae rangi mbalimbali. Taa zenyewe hazina neno. Shida ni rimoti yake nyembamba, ambayo aghalabu hutumia betri ya duara kama sarafu, ile tunayoiita betri ya saa, na kifuniko chake huvutika kwa ukucha.

Mtoto mdogo akiimeza betri hiyo ikakwama kooni, haimuumizi kwa sababu ya ukubwa wake tu. Mate huunganisha pande zake mbili, umeme mdogo hupita, na kemikali kali kama ya magadi ya kutengenezea sabuni hutokea papo hapo na kuchoma nyama ya koo. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri iliyokwisha nguvu kwenye rimoti bado ina umeme wa kutosha kuchoma. Dalili zake hudanganya: mate kumtoka, kukataa chakula, kukohoa, kulia akishika kifua. Mama hudhani ni mafua.

Ukishuku tu, usingoje dalili. Usimtapishe, usimpe chakula wala maji. Mpeleke mara moja kwenye hospitali yenye mashine ya eksirei. Kama amezidi umri wa mwaka mmoja, hazijapita saa 12, anaweza kumeza na asali iko karibu, anaweza kupewa vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua. Lakini msikawie nyumbani kuitafuta asali. Ukweli ni kwamba taa hizi zinaweza kukosekana na mchezo usipungue kitu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa izikose.

Watengenezaji wenyewe wanaijua tabia ya watoto kuweka vitu mdomoni. Vikadi vya michezo ya Nintendo Switch, tangu ilipotoka mwaka 2017, hupakwa dawa chungu mno isiyo na madhara ili mtoto avitema.

MIKONO NA MACHO

Pedi ya pili tunaiunga mkono. Watoto wawili wakicheza pamoja huongea, hucheka, na hungojana. Mmoja akicheza peke yake husahau hata kwenda chooni. Ila mzazi ajihadhari na pedi na chaja za bandia za bei ya kutupwa. Pedi hizo zina betri ya lithiamu ndani, nayo ikichajiwa vibaya huvimba, na inaweza kuwaka moto.

Mikono nayo huchoka. Mwaka 1990 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilieleza habari za mwanamke wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya kidole gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano mfululizo. Miaka kumi baadaye kampuni ya Nintendo ilikubali kugawa glavu Marekani, kwa kuwa mchezo wa Mario Party uliwataka watoto wazungushe kijiti cha pedi kwa kasi hata viganja vikachubuka. Na Desemba 2006 ilibidi ibadilishe kamba za mkononi milioni 3.2 za mashine ya Wii, kwa sababu zilikatika na rimoti zikaruka. Kwa michezo ya kurusha mikono, kamba hiyo ivaliwe daima. Sebule zetu nyingi zina meza ya kioo katikati.

Miwani ya kuchuja mwanga wa buluu tunaweza kuimaliza kwa maneno machache. Uchunguzi wa Cochrane wa mwaka 2023, uliokusanya majaribio 17, haukuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Fedha hiyo ibaki mfukoni. Kinachosaidia ni kuwasha taa chumbani, kukaa mbali na runinga, na kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho mbali. Mtoto anayetoka nje kucheza mchana pia hujikinga na ugonjwa wa kutoona mbali.

Mwenye kifafa katika familia atajwe hapa bila aibu, maana kifafa ni ugonjwa wa ubongo wala si pepo. Kati ya wagonjwa 100 wa kifafa, kama watatu hivi huchochewa na mwanga unaomweka. Nchini Japani, Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kiliwapeleka hospitali watoto zaidi ya 600 kwa sababu ya mimweko ya rangi nyekundu na buluu. Mtoto akianza kujisikia vibaya mbele ya mimweko, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke. Kufumba macho yote mawili hakutoshi. Kisha aonwe na daktari kabla ya kucheza tena.

Kofia ya uso, ile inayomfanya mchezaji ajione yuko ndani ya mchezo, kwa familia yenye watoto wadogo isubiri. PlayStation VR2 haikukusudiwa watoto walio chini ya miaka 12. Meta Quest mwisho wake ni miaka 10. Huleta kichefuchefu, na mvaaji haoni ngazi wala jiko. Ikiazimwa huku na huku huweza kubeba maradhi ya macho, na ugonjwa wa macho mekundu ulivyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024 tunaukumbuka.

Kiti cha gemu? Kiti cha chakula chenye mgongo ulionyooka, na kibao chini ya miguu isiyofika sakafuni.

KISICHOUZWA

Kidhibiti bora kabisa kimo ndani ya mashine tayari na hakina bei. Katika PlayStation 5 mzazi anaweza kupanga saa za kucheza kwa kila siku, kuzuia mazungumzo na wageni, na kufunga michezo isiyolingana na umri. Nintendo ina programu ya simu kwa kazi hiyo. Nusu saa ya kuipanga siku ya kwanza, kabla mtoto hajaizoea mashine, ni rahisi kuliko ugomvi wa miezi sita baadaye. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua uraibu wa michezo ya video: mtu kushindwa kujizuia, kuacha mengine yote, na kuendelea ingawa anaumia, aghalabu kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyecheza sana wakati wa likizo si mgonjwa.

KWA MTOTO MWENYE ULEMAVU

Tumekiacha mwisho kikorombwezo kimoja ambacho, tukiulizwa, tungekitanguliza mbele ya vingi vilivyotajwa hapa. Zipo pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu ambao vidole au mikono yao haiwezi kushika pedi ya kawaida. Xbox Adaptive Controller ilitoka mwaka 2018, na Access ya PlayStation 5 ikafuata Desemba 2023. Hii ya pili ni ya duara, hulazwa mezani au pajani, na inaweza kuunganishwa na pedi ya kawaida ili kaka ashike moja na mdogo wake ashike nyingine, wote wakimwendesha mchezaji mmoja. Ile ya Xbox ina vitufe viwili vikubwa vya kubonyeza kwa kiganja, kiwiko au mguu, na nyuma yake matundu 19 ya milimita 3.5, sawa na tundu la hedifoni la redio. Kila tundu hupokea swichi moja. Swichi yenyewe ni nyaya mbili na kitufe, na fundi redio wa mtaani anaweza kuiunganisha kwa kipimo cha mkono wa mtoto husika.