Unataka Kujiunga na Dance Class? Cheki Ticha Kwanza

Kujua kudansi na kujua kufunza dansi ni vitu mbili tofauti. Kuna msee anaangusha odi hadi klabu inasimama, lakini mpee watoto kumi awafunze, anawaharibu magoti.

Chukua splits. Ticha wa kitambo alikuwa anakukalia mgongoni ndio ushuke. Hiyo imepitwa. Siku hizi mwili unapashwa moto kwa kusonga: rukaruka kidogo, zungusha mabega, rusha miguu. Kule kujinyoosha ukiwa umetulia kwa mkao mmoja kunakuja mwisho, misuli ikishapata joto. Na kwa ballet, vile viatu vya kusimamia vidole hupewi tu juu umeomba. Walimu makini husubiri mtoto afike karibu miaka 11 au 12, mifupa ikiwa imeanza kukomaa na kifundo kina nguvu.

Uingereza kuna Royal Academy of Dance, ilianzishwa London 1920. Inatahini wanafunzi, na hata walimu inawasomesha. Huku mtaani, ukiwa na spika na kioo ushaitwa ticha.

So kabla utume doo, muulize alisomea wapi kufunza. Anajua huduma ya kwanza? Akitaka kukushika arekebishe mkao, huwa anaomba ruhusa? Akikasirikia hayo maswali, toka na pesa zako.