Makumbusho ya wazi Burundi: Mwambao wa Tanganyika bado hauna nyumba yake

Msafiri anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge, umbali wa takriban kilomita 75 kandokando ya Ziwa Tanganyika, hupita jirani na jiwe kubwa la Mugere. Juu yake yamechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25 Novemba 1871. Kwa watalii wengi, hilo ndilo onyesho pekee la historia watakaloliona upande huu wa Burundi.

Jiwe lenyewe huleta mkanganyiko. Wapo wanaoondoka wakiamini kuwa hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, kumbe wawili hao walikutana Ujiji, mkoani Kigoma nchini Tanzania. Kutoka Ujiji walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini ili kubaini iwapo Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka humo, swali lililokuwa zito wakati ambapo Ulaya ilikuwa ikibishana kuhusu chanzo cha Nile. Waliukuta unaingia. Mugere walilala siku mbili wakikirimiwa na chifu Mukamba. Jina la mwenyeji huyo halimo katika jiwe, wala la mpiga kasia hata mmoja.

Simulizi tofauti hupatikana katika Makumbusho Hai ya Bujumbura, yaliyoanzishwa mwaka 1977. Ni makumbusho ya wazi, ambako mgeni hutembea kati ya wanyama, wakiwamo mamba na chui, hadi kwenye mfano wa makazi ya kifalme: nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi, ndani ya uzio. Warundi huyaita makazi ya aina hiyo rugo. Tumezoea kuandika "boma", ingawa neno hilo halitoshi, kwa kuwa rugo hutaja uzio, nyumba na familia iliyomo ndani kwa pamoja. Ufalme ulifutwa Novemba 1966, kwa hiyo kwa vijana wa leo mfano huo una thamani kubwa.

Hata hivyo, utamaduni unaoonyeshwa hapo ni wa milimani na wa ikulu. Hali ni hiyo hiyo Gishora, karibu na Gitega, inakotunzwa mila ya ngoma za kifalme iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Serikali inazilinda kwa ukali: amri ya rais ya Oktoba 2017 ilipiga marufuku wanawake kuzipiga.

Rumonge haimo katika picha hiyo, na sababu ni za kihistoria. Kiswahili kilifika mwambao huu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya Ujiji. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kupenya hadi milimani, lakini majeshi ya Mfalme Mwezi Gisabo yalimzuia. Lugha ikabaki ufukweni. Rumonge, Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura hukizungumza kizazi baada ya kizazi, na Rumonge hata kuna mtaa uitwao Swahili. Kwa muda mrefu, huko juu kilihesabiwa kuwa lugha ya wageni na wachuuzi, na ni vigumu kuweka katika makumbusho ya taifa kitu ambacho taifa linakiona cha wageni.

Vitu vya kuonyesha havikosekani. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huunganisha mitumbwi kwa miti, huwasha taa ili kuwavuta samaki, kisha huinua wavu kutoka chini ukiwa umejaa ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa. Mukeke, samaki anayependwa kuliko wote Bujumbura, ndiye mgebuka wa Kigoma. Nchi kavu ipo kazi ya mawese: mikungu ya michikichi hukatwa, chikichi hupukuchuliwa na kuchemshwa katika mapipa, hupondwa na kukamuliwa, kisha mafuta hurudishwa motoni ili maji yakauke. Kokwa hazitupwi. Nazo hutoa mafuta yake, yanayofaa kutengenezea sabuni. Yote haya bado ni kazi za kila siku, na pengine ndiyo maana hakuna anayeziita urithi.

Nchini Marekani, watu wa Haudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois, walipitia hali inayofanana na hii. Jina lao lina maana ya watu wa nyumba ndefu. Ganondagan, mji wa Waseneca katika jimbo la New York la leo, uliteketezwa na jeshi la Wafaransa mwaka 1687. Miaka 300 baadaye, 1987, ulifunguliwa kama eneo la kihistoria, na mwaka 1998 ikazinduliwa nyumba ndefu ya magome ya miti, mfano wa zile za zamani. Kwa miaka mingi msimamizi alikuwa Mseneca, G. Peter Jemison, na hapo hapo mahindi meupe ya asili bado husindikwa na kuuzwa. Anayeeleza chakula hicho ni yule anayekila.

Kuhamishia mfano huo Rumonge si jambo jepesi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi wa Wahutu ulizuka katika mwambao huu na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ikajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, ambayo idadi ya waliouawa inakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu walikimbilia Tanzania, na mashamba yao ya michikichi yakagawiwa wengine. Waliorejea miongo kadhaa baadaye walikuta miti ina wenyewe wapya, na mizozo ya ardhi ikaanza. Mtu anayetaka kusimamisha onyesho la mawese Rumonge ataulizwa kwanza: juu ya shamba la nani?

Ziwa nalo halisubiri. Mwaka 2024 maji yalipanda, yakaingia katika nyumba na barabara za ufukweni mjini Bujumbura, na Rumonge nako baadhi ya wakazi wa kando ya maji walilazimika kuhama. Mahali pa kuanikia ndagala na kuegeshea mitumbwi ndipo hufunikwa kwanza, kwa kuwa pako pale pale maji yanapoishia.