Kwa Nini Yeye, na Kwa Nini Siku Ile?
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita tawi la mwembe ulio nyuma ya jiko la shule lilikatika, likamwangukia mwenzetu wa kidato cha pili. Alivunjika mkono, na mtihani ulikuwa umebaki wiki moja tu. Mwalimu wa Biolojia alituonyesha tawi lenyewe: mchwa walikuwa wamelila hata likabaki ganda. Wote tuliona, na wote tulikubali. Lakini usiku ule bwenini, taa zilipokwisha kuzimwa, mmoja aliuliza: "Watu wangapi hupita chini ya mwembe ule kila siku? Mbona limemwangukia yeye, tena wiki hii?" Kabla hatujalala, jina la mwanafunzi aliyekuwa amegombana naye lilikuwa limekwisha kutajwa.

Ndugu wasomaji, napenda kuwaelezeni juu ya elimu iliyonisaidia kulifahamu jambo hili. Elimu hiyo huitwa anthropolojia, yaani uchunguzi wa maisha ya wanadamu: jinsi wanavyooa, wanavyorithi, wanavyogombana, wanavyozikana, na maana wanayoiona katika mambo hayo. Mwenye elimu hii haandiki kwa kusikia habari za mbali. Huenda akaishi na watu, akajifunza lugha yao, akala chakula chao, akauliza na kuangalia. Ndivyo alivyofanya Malinowski, aliyepiga hema kijijini katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wala msidhani kwamba ni elimu ya wageni kuchunguza wenyeji tu. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski huyo huko London, na mwaka 1938 akatoa kitabu juu ya watu wake mwenyewe, Wakikuyu.

Mwalimu wetu wa Historia alinieleza habari za Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, aliyeishi kwa Wazande, ambao leo nchi yao imegawanyika kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kitabu chake kilitoka mwaka 1937. Wazande walikuwa na desturi ya kukaa chini ya ghala za nafaka kukwepa jua kali la mchana. Pengine ghala huanguka na kuwaumiza waliokaa chini. Je, Wazande hawakujua kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo? Walijua sana. Walijua pia kwamba watu walikaa pale kwa sababu ya jua. Walilouliza ni jambo jingine: kwa nini ghala lianguke saa ile ile walipokuwa wamekaa watu hawa, wala si wengine? Hapo ndipo walipotaja uchawi. Walisema kwamba tembo akimwua mtu, tembo ni mkuki wa kwanza, na uchawi ni mkuki wa pili.

Niliposikia hayo nilistaajabu, maana ni maneno yetu ya bwenini! Basi kumwambia mtu kwamba ni mjinga hakumsaidii kitu, kwa kuwa sababu ya mchwa anaijua. Evans-Pritchard aliona pia kwamba Mzande aliyepatwa na msiba hakumshuku mtu wa mbali. Aliyataja majina ya watu aliodhani wanamchukia. Nami naona kwamba jina linalotajwa hutueleza habari za ugomvi, wala si habari za kifo.

Sasa nitaeleza kwa nini jambo hili limeniingia moyoni. Kwetu ni mkoa wa Shinyanga. Mwaka juzi mtoto wa baba yangu mdogo alifariki kwa homa. Zahanati walisema ni malaria, na hapana aliyebisha. Lakini baada ya matanga swali lile lile lilikuja: kwa nini yeye? Mganga akasema adui yu karibu. Watu wakamtazama bibi yangu, mzaa baba, kwa sababu ni mzee, tena macho yake ni mekundu. Baba mdogo ni mtoto wa mke wa pili wa marehemu babu, na tangu babu afariki kulikuwa na ugomvi wa shamba la bondeni, ambalo bibi hakukubali ligawanywe.

Nakiri kwamba likizo ile hata mimi niliogopa. Bibi alinipakulia ugali na mlenda, nami nikasema nimeshiba. Aliniangalia, akafunika bakuli, asiseme neno.

Katika mikoa yetu wako bibi vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu. Sheria ya Uchawi iko tangu mwaka 1928, na wauaji huhukumiwa, lakini minong'ono haijakwisha. Kwa hiyo likizo iliyopita niliamua kuangalia na kuuliza, kama wafanyavyo wataalamu hao. Nilikaa na bibi jikoni kwake akipika. Kuni ni haba kwetu, basi hupika kwa miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na jiko lile halikuwa na dirisha. Baada ya nusu saa nilijitazama katika kioo: macho yangu yalikuwa mekundu kama yake. Yeye amekaa katika moshi ule zaidi ya miaka hamsini.

Nilimweleza baba. Alitoboa dirisha jikoni, kisha akawaita wazee wa ukoo walizungumze shamba waziwazi. Bado halijagawanywa, lakini sasa watu hubishana juu ya mipaka, wala si juu ya macho ya bibi. Siku ile nilikula ugali wake, nikaomba niongezwe.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Elimu hii ni kama mgeni huyo: hutufanya tuitazame nyumba yetu kama tunaingia kwa mara ya kwanza. Basi, wenzangu, siku mtakaposikia jina la mtu likinong'onwa baada ya msiba, msiulize tu kama ni kweli. Ulizeni ni ugomvi gani uliotangulia. Sisi wa bweni letu tulikwisha kumwomba radhi mwenzetu tuliyemtaja gizani.