Vidoa Visivyofifia

Haya wanangu, sogeeni, leo nawasimulia habari za ngozi.

Mbu akikuuma, unabaki na wekundu. Ukiubonyeza unatoweka, ukiachia unarudi. Lakini kuna vidoa vingine, havifiki hata milimita 2, vyekundu au vya zambarau, havivimbi wala haviwashi. Hivyo ukivibonyeza, vipo vilevile, maana damu imekwisha kutoka mshipani na imekaa chini ya ngozi. Chukua glasi safi, kandamiza ubavu wake juu ya kidoa, kisha chungulia kupitia kioo. Kama bado unakiona, hicho ni cha damu. Sisi wenye ngozi nyeusi tutazame pia viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kaakaa, huko huonekana upesi.

Damu ilipitaje? Vishipa vyembamba huchanika mara kwa mara bila sisi kujua, na chembe sahani zilizomo katika damu hukimbilia kuziba, kama kalafati katika nyufa za jahazi. Zikipungua, damu huvuja. Homa ya dengi hufanya hivyo, na Dar es Salaam iliiona mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake huuma mchana. Mgonjwa wa dengi asipewe aspirini, kwa kuwa inazidhoofisha chembe hizohizo.

Pengine chembe zinatosha, ila kuta za mishipa ndizo dhaifu. Hayo yaliwapata mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda: wakashikwa na kiseyeye, fizi zikatoka damu, ngozi ikajaa vidoa. Mwaka 1747, ndani ya meli ya Uingereza iitwayo Salisbury, daktari James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wawiliwawili, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote. Nami naipenda sana habari hiyo, kwani ni tiba iliyoning'inia mtini!

Kukohoa au kutapika kwa nguvu nako huleta vidoa usoni, na huondoka vyenyewe baada ya siku chache.

Lakini vikija pamoja na homa, shingo ikakakamaa au kichwa kikauma sana, huenda ni homa ya uti wa mgongo, nayo huweza kuua kwa saa chache. Mwambie mama, baba au mwalimu papo hapo, mwende hospitali hata kama ni usiku wa manane.