Futi ya Fundi na Habari za Ini

Fundi cherehani wa Mlandege, Iringa, akimpima mama anayetaka gauni la kitenge, huandika kifua, kiuno, kisha nyonga. Hizo mbili za mwisho zina habari ambayo kijana wa mizani anayezunguka mitaani hawezi kukupa. Mizani hutaja kilo tu, haisemi zimekaa wapi; na kwa ini, hapo zilipokaa ndipo penye kesi.

Daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliliandika jambo hilo mwaka 1947: unene wa tumboni huandamana na kisukari kuliko unene wa mapaja na makalio. Mafuta ya mapajani hutulia chini ya ngozi kama mahindi ghalani. Yanayozunguka utumbo hayatulii. Humeng'enyuka upesi, na damu ya huko hupita kwenye mshipa mmoja mkubwa unaoingia moja kwa moja kwenye ini.

Lakini kitambi si mtuhumiwa pekee. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walifuatilia asili ya mafuta yaliyomo ndani ya maini ya wagonjwa: asilimia 59 yaliletwa na asidi za mafuta zinazozunguka katika damu, asilimia 15 yalitoka kwenye mlo, na asilimia 26 ini lilijitengenezea, hasa kutokana na wanga na sukari. Soda ya mchana na vijiko vinne vya sukari kwenye chai vimo humo.

Seli za ini zenye mafuta zikizidi asilimia 5, huo tayari ni ugonjwa. Hauumi. Miaka hupita, kwa baadhi ini huvimba, hupata makovu, wengine huishia kwenye saratani. Inaniuma kuona mama asiyewahi kuonja ulanzi akishukiwa ulevi kwa sababu tu ini lake limeharibika. Mwaka 2023 madaktari waliubadilisha jina ugonjwa huu, wakaufungamanisha na jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta.

Utafiti wa Dallas wa mwaka 2004 ulikuta ini lenye mafuta kwa asilimia 24 ya Wamarekani weusi, na asilimia 33 ya weupe. Nafuu hiyo tusiilalie. Tanzania, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05. Kufikia 2015/16 walikuwa 28.

Basi mwazime fundi futi yake, ila usipime pale anapopima yeye. Itafute nusu ya njia kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, kisha soma. Sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume ndiyo mipaka tunayotumia, nayo tumeiazima kwa Wazungu. Kipimo rahisi zaidi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Anayeanza kupanda kila jioni hadi jiwe la Gangilonga, hapo Iringa, anaweza kukata tamaa mizani isiposogea. Asikate. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata kilo zikiwa zilezile, na akipunguza mlo pia, ini huanza kupungua mafuta ndani ya wiki chache, kabla gauni halijalegea.