Vifaa vya Kupimia Kapasitansi Ndogo: Nani Anastahili Taji?

Kifaa duni kuliko vyote kilitoa jibu lililokaribia ukweli kwa namna ya kustaajabisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1770, mtaa wa Great Marlborough jijini London, Henry Cavendish alilinganisha uwezo wa vitu mbalimbali kuhifadhi chaji ya umeme, yaani kapasitansi yao. Hakuwa na mita yoyote. Alikuwa na chupa za Leiden (chupa za kioo za kuhifadhi chaji), vioo vilivyobandikwa karatasi ya bati, tufe la kipenyo cha inchi 12.1, na vijipira viwili vyepesi vilivyoning'inia kwa uzi. Vijipira vikisukumana, chaji imebaki. Vikitulia, pande mbili zimelingana. Kwa kuwa faradi, kipimo cha leo cha kapasitansi, haikuwepo bado, alihesabu kapasitansi kwa inchi za tufe. Akakuta tufe linabeba chaji mara 1.57 ya sahani ya duara yenye kipenyo hichohicho. Nadharia iliyokuja baadaye inasema ni nusu ya pai: 1.5708. Mimi taji ningemvika hapo hapo.

Rekodi ya kukaa gizani nayo ni yake. Alifariki mwaka 1810 bila kuyachapisha mengi ya matokeo hayo. Mwanafizikia James Clerk Maxwell ndiye aliyeyatoa kitabuni mwaka 1879.

Ukubwa je? Dunia nzima, ikichukuliwa kama tufe lililo peke yake angani, ina mikrofaradi 710 hivi tu. Tufe la nusu kipenyo cha sentimita 1 lina pikofaradi 1.1. Ndiyo maana kazi ngumu iko kwenye vidogo.

Kwa wepesi wa kuhisi, ninamtaja mwanafizikia Robert Whiddington wa Leeds. Mwaka 1920 alitumia valvu za redio kugeuza badiliko dogo la kapasitansi kuwa badiliko la mlio, akatambua mabamba ya kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) yaliposogea kwa sehemu moja ya milioni 200 ya inchi.

Na kwa uhakika, hakuna kama wanasayansi Thompson na Lampard wa Australia, mwaka 1956. Walithibitisha kwamba vipande vinne virefu vya metali vikizunguka uwazi mmoja, vikiachana kwa nyufa nyembamba na kupangwa kwa ulinganifu, kapasitansi kati ya vile vinavyotazamana ni pikofaradi 1.95 kwa kila mita, viwe vinene au vyembamba. Kinachobaki kupimwa ni urefu tu. Kwa kapasita ya aina hiyo, maabara za vipimo ziliweza kukokotoa hata omu, kipimo cha ukinzani wa umeme.