Mwezi wa Kituo cha Polisi na Daftari Lisilosomwa

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii huambiwa wachuuzi na wenye maduka, lakini mji nao una mali yake isiyopimwa kwa mizani, nayo ni amani. Mali hiyo ina daftari, na daftari lake limo mezani pa kituo cha polisi. Watu wengi wa miji yetu midogo ya pwani hawalijui isipokuwa siku ya msiba, na hata siku hiyo hutoka kituoni wasijue kilichoandikwa juu yao.

Kitabu hiki huitwa OB. Kila jambo linalofika kituoni lapasa kuingizwa humo: aliyepotewa na kitambulisho, aliyepigwa, aliyekamatwa, hata askari wanaotoka doria na wanaorudi. Nambari huanza upya kila siku, kisha hufuatwa na tarehe. Mathalani, ripoti ya kumi na mbili ya tarehe 5 Machi 2024 itakuwa 12/5/3/2024. Nambari hiyo fupi ndiyo ushahidi kwamba mtu alifika na akasema. Asiye nayo, akirudi baada ya wiki mbili kuuliza habari za kesi yake, ataonekana kama ambaye hakupata kuja.

Tutazame mwezi wa kituo katika mji kama Lamu. Mitaa yake mikongwe haipiti gari, kwa hivyo kazi ya askari wa hapo si sawa na ya mwenzake wa Mombasa anayeshinda barabarani na matatu. Huku shughuli ni za gati na mashua, za punda na mashamba, za watalii walioibiwa mikoba, za majirani wanaogombania mpaka wa kiwanja, na za vijana walioshikwa na unga. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa juu, ngazi kwa ngazi, hadi ifike Nairobi. Kwa miaka mingi ripoti za mwaka za Polisi wa Kenya zimeyagawa makosa katika mafungu: mauaji, makosa dhidi ya maadili, unyang'anyi, uvunjaji wa nyumba, wizi wa mifugo, wizi wa watumishi, dawa za kulevya, uharibifu wa mali, makosa yahusuyo watalii, na mengineyo. Punda wa Lamu akiibwa, kwa kuwa sheria ya jinai yamtaja miongoni mwa mifugo, huhesabiwa fungu moja na ng'ombe wa Samburu.

Si kosa kuhesabu. Lakini hesabu yataka kusomwa na anayeujua mji. Kwanza, mwezi wa polisi ni wa Januari na Februari, ilhali mji wetu huenda kwa miezi miwili zaidi: wa kuandama, na wa pepo za bahari. Kusi likivuma, bahari huchafuka na habari za mashua zilizochelewa huongezeka. Ramadhani ikiingia, mji hulala mchana na kukesha usiku. Na Mfungo Sita ndio wenye mambo yote, kwani wageni humiminika Lamu kwa Maulidi yanayosomwa Msikiti wa Riyadha tangu zama za Habib Swaleh. Mji ukijaa watu, na kituo hujaa ripoti: mtoto aliyepotea, simu iliyochomolewa mfukoni, mgeni asiyejua alikolala mwenzake.

Sasa mwezi wa kuandama hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2022 Mfungo Sita uliandama mwishoni mwa Septemba; mwaka 2025 uliandama mwishoni mwa Agosti. Aliyekaa Nairobi akilinganisha Oktoba ya mwaka mmoja na Oktoba ya mwaka mwingine aweza kusema uhalifu wa Lamu umepungua, kumbe ni Maulidi tu yaliyohama mwezi. Mwamu yeyote angemweleza hilo kwa kikombe kimoja cha kahawa, lau angeulizwa.

Pili, hesabu huhesabu vichwa, haipimi uzito. Kijana aliyeshikwa na kete moja ya unga ni kichwa kimoja katika fungu la dawa za kulevya. Aliyeuleta mzigo mzima kwa mashua, naye akishikwa, ni kichwa kimoja. Mwezi waweza kusifiwa kwa vijana thelathini waliotiwa ndani, na asiwemo hata mmoja aliyewauzia. Akina mama wanaofunga milango kuwazuia watoto wao wasiibe sufuria za nyumbani waijua tofauti hiyo vyema, lakini tofauti hiyo haina safu yake katika karatasi ya mwezi.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma sisi watu wa lugha, ni maneno yenyewe. Tuyatazame maneno ya kituoni: askari, mahabusu, dhamana, shahidi, hata daftari, yote tumeyapokea kwa Waarabu. Polisi, koplo, sajini na rumande yalikuja na Waingereza, ambao mwaka 1906 waliliwekea jeshi hilo sheria yake na mwaka 1920 likaitwa Polisi wa Kenya. Gereza latokana na neno la Kireno la kanisa. Na waliowahi kuiona Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipokuwa jela, kati ya 1895 na 1958, hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Kila aliyetutawala alituachia neno la kufungia. Lakini mwenye kulalamika bado hulalamika kwa lugha ya mamake.

Hapo ndipo maneno hupotea. Mwamu husema mato akimaanisha macho, na iwe akimaanisha jiwe. Kwa askari aliyetoka bara juzi, iwe ni kitenzi tu. Na hata katika Kiswahili cha kawaida, mwanamke wa kwetu aliyeguswa vibaya hatatamka jambo kwa jina lake mbele ya wanaume watatu waliosimama mezani. Atasema, "Amenivunjia heshima." Maneno hayo yakiandikwa kwa Kiingereza kuwa ni matusi, kosa zito limegeuka kuwa dogo kwa mpigo mmoja wa kalamu, na hakuna aliyesema uongo. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Basi maelezo ya mtu na yaandikwe kwa maneno aliyoyasema, kisha asomewe kabla ya kutia sahihi.

Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo kwa lugha anayoifahamu. Yataka pia afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, zikiisha nje ya saa za mahakama, afikishwe siku ya mahakama ifuatayo. Saa hizo huhesabiwaje? Kwa daftari. Mtu aliyeshikwa Alhamisi jioni na akaandikwa Ijumaa asubuhi amekwisha kuibiwa usiku mzima wa uhuru wake, na hapana mahali atakapoushitakia isipokuwa kwa mashahidi waliomwona akichukuliwa.

Kuna na mengine yasiyoandikwa kabisa. Mume amempiga mkewe, mke amekwenda kituoni, kisha wazee wamekuja, wamesema ni mambo ya nyumbani, na wote wamerudi. Suluhu ni jambo jema, na dini yetu yaisifu. Talaka, ndoa na mirathi ya Waislamu ni mambo ya Kadhi, na kifungu cha 170 kimempa mamlaka hayo. Lakini jino lililovunjika si la Kadhi wala si la wazee wa baraza. Ni jinai, na tangu 2015 kuna sheria mahsusi ya kuwakinga watu na jeuri ya majumbani. Wenye kusuluhisha na wasuluhishe, ila baada ya nambari kuandikwa. Suluhu isiyotanguliwa na maandishi humwacha mwanamke, akipigwa mara ya nne, aonekane kama apigwaye mara ya kwanza.

Sisi hatukupasa kufundishwa haya na mtu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kushuhudisha, na yamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Ikiwa deni la dirhamu chache lataka kalamu na mashahidi, basi damu na heshima ya mtu vyataka zaidi.

Lililobaki ni swali la nani husoma. Katika miji mingi midogo ya Marekani, idara ya polisi ya mji huiwasilisha ripoti ya mwezi mbele ya halmashauri, na gazeti la mji huichapa: simu ngapi zilipigwa, madirisha mangapi yalivunjwa, hata mbwa waliopotea. Wenyeji husoma, hucheka, hukasirika na huuliza. Kwetu hesabu hupanda kwenda juu wala haishuki. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 imeweka katika kila kaunti mamlaka ya kuangalia mwenendo wa uhalifu na kuhimiza ushirikiano wa polisi na raia. Kwa hivyo mlango upo, na si lazima tuvunje ukuta.

Na isomwe basi, mara moja kwa mwezi, kwa Kiswahili, barazani, bila kutaja jina la mlalamikaji yeyote: ripoti ngapi ziliingia, ngapi zilifika mahakamani, ngapi zimelala na kwa sababu gani. Mkuu wa kituo aseme, na wazee, akina mama na vijana waulize. Huenda askari wenyewe wakawa wa kwanza kufaidika, kwani mengi wanayolaumiwa hutokana na uchache wao na wa mashua zao, na raia hawajui.

Hadi siku hiyo ifike, msomaji, shika hili. Ukienda kituoni, usitoke na maneno ya "tutaangalia." Omba usomewe kilichoandikwa, kisha uombe nambari, uiandike mahali usipopasahau. Kuandikwa kwa ripoti hakuuzwi, na fomu ya P3 ya aliyeumizwa haina bei kituoni. Na akizuiwa mtu haki hiyo, ipo mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko ya namna hiyo. Nayo pia, jambo la kwanza itakalokuuliza ni nambari yako.